Wimbo wa Injini Yenye Njaa

Kwa miezi miwili, kila Jumamosi asubuhi, nilikuwa na furaha ya dakika mbili. Injini ilianza kwa kukohoa, ikatema moshi mweupe wenye harufu ya mbarika, ikanguruma kwa sauti nzito ya mtu aliyeamshwa kabla hajamaliza usingizi. Kisha sauti ikaanza kupanda. Ikawa nyembamba, ikawa safi, ikawa filimbi. Watoto waliosongamana kwenye ua wa michongoma wakashangilia, na mimi, mtu mzima mwenye mvi na zaidi ya miaka 20 ya kufundisha fizikia, nikatabasamu kama wao. Halafu, pale pale kwenye kilele cha utamu, injini ikazima. Haikukohoa tena, haikuaga. Propela ikajizungusha mara mbili tatu kwa uvivu, na nikawasikia kuku wa jirani.

Naishi Mafubira, kaskazini mwa Jinja, mahali palipohesabiwa kuwa shamba hadi Julai 2020, Jinja ilipopandishwa kuwa jiji na mipaka yake ikatufuata mpaka uani. Ndege ninayoizungumzia si kubwa. Bawa lake lina urefu wa mita moja na nusu, mbao zake ni za balsa, nyepesi kama mkate mkavu, na ngozi yake ni plastiki nyekundu iliyobanwa kwa pasi. Huongozwa kwa redio ya mkononi. Shemeji yangu alirudi nayo kutoka Sharjah alikokuwa akifanya kazi, akaniachia kwa maneno machache: "Shemeji, wewe ndiye mwenye elimu." Tangu siku hiyo elimu hiyo imekuwa ikidaiwa.

Nikiri mapema kwamba haijaruka. Kiwanja cha ndege cha Kimaka kiko jirani, na chuo cha maofisa wakuu wa jeshi kiko huko huko. Mtu hainui chombo chenye mabawa na redio karibu na mahali kama pale kwa sababu tu anakipenda. Chombo cha angani kisicho na rubani kinahitaji kibali hapa Uganda, na changu bado nakisubiri. Basi ndege yangu ni ya ardhini. Nimeifunga kwa kamba kwenye benchi la mvule chini ya mwembe, pua ikielekea kwenye mihogo, nami nimejifunza kwamba sehemu kubwa ya urubani hufanyika chini: ni kumjua mnyama kabla ya kumfungulia.

Na mnyama huyu ana tabia zake. Ni injini ya mipigo miwili yenye ujazo wa sentimita za ujazo 6.5, kijiko cha chai na ziada kidogo. Haina cheche. Juu ya silinda yake kuna plagi ndogo yenye waya wa platini uliojisokota kama mkia wa kinyonga. Unaupasha waya huo kwa betri mpaka uwe mwekundu, unaisukuma propela, na injini ikishashika unaiondoa betri. Kuanzia hapo methanoli yenyewe, kila inapougusa ule waya, huufanya ubaki moto. Haiwashwi na kitu kingine chochote ila kule kuendelea kwake kuwaka. Ikienda kasi hufikia mizunguko 12,000 kwa dakika, yaani 200 kwa sekunde, na kila mzunguko ni mlo. Kilo moja ya petroli hutaka kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Kilo moja ya methanoli huridhika na 6.4. Maana yake, kwa pumzi ile ile ya hewa, injini hii hula zaidi ya mara mbili ya injini ya petroli. Ni kiumbe mdogo mwenye njaa kubwa.

Chakula chake nakichanganya mwenyewe: sehemu nne za methanoli, sehemu moja ya mafuta ya mbarika. Mbarika kwetu huota kando ya njia bila kupandwa na mtu. Mafuta yake ndiyo yaliyolainisha injini nyingi za ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia, na marubani waliovuta moshi wake walishuka angani matumbo yakiwasokota. Hata jina Castrol, lile tulilolizoea kwenye mabango ya gereji, chimbuko lake ni jina la Kiingereza la mbarika. Ukitia oili ya kawaida ya pikipiki kwenye methanoli, oili hujitenga ikakaa chini, kama ndugu wasiosemezana. Mbarika huyeyuka humo bila ubishi. Chupa ya methanoli naifungia kabatini. Watu wa rika langu hawajasahau Kabale mwaka 2010, makumi ya watu waliokufa kwa waragi iliyotiwa methanoli.

Kati ya tangi na moto kuna sindano, skrubu nyembamba yenye ncha iliyokaa kwenye kabureta. Ukiifungua, mafuta yanazidi, ukiifunga, yanapungua. Mafuta yakizidi injini hushiba: sauti nzito, moshi mwingi, matone ya mafuta mpaka mkiani. Yakipungua hukonda, na hapa ndipo penye mtego. Injini inayokonda haianzi kwa kulegea. Huanza kwa kuchangamka. Mizunguko hupanda, moshi hupungua, sauti hutakata; asiyejua husema sasa imepona. Kumbe yale mafuta ndiyo yaliyokuwa yakiipoza na kuilainisha, na sasa hayatoshi. Kutoka kwenye ule utamu hadi kuzima, au pistoni kukwama, ni hatua fupi. Ndiyo maana warushaji wazoefu huitafuta sauti tamu kuliko zote, kisha hurudisha sindano nyuma kidogo, mpaka waone uzi wa moshi. Huiacha injini chini ya kilele chake kwa makusudi. Huko juu pua itainuka, tangi litapungua, propela itapata nafuu ya upepo na kuzunguka zaidi. Ule uzi wa moshi ndio nauli ya kurudi.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Niliyajua kitabuni, na bado kila Jumamosi sauti ilipopanda nilitabasamu.

Nilianza na plagi, kwa sababu plagi ni kitu cha kununua, na kununua hufanana sana na kutenda. Nilibadilisha plagi tatu. Zote ziliwaka rangi ya chungwa nilipozijaribu mkononi. Zote zilizima na injini dakika ya pili. Nikahamia kwenye sindano. Maelezo ya kiwandani yalisema ifunguliwe mizunguko miwili na nusu. Nikafungua mitatu, kisha mitatu na nusu. Moshi ukaufunika mwembe. Injini ikaanza kwa hatua za mlevi, ikachukua muda kutakata, ikaimba, ikazima dakika ya tatu badala ya ya pili. Nikaandika kwenye daftari: "Maendeleo." Neno hilo nimelitazama mara nyingi tangu hapo. Dawa isiyo yake inayoleta nafuu kidogo humchelewesha mgonjwa kuliko dawa isiyoleta nafuu kabisa.

Kisha nikahamia kwenye hewa. Mwalimu wa fizikia akishindwa na skrubu hukimbilia angahewa. Jinja iko juu: uso wa Ziwa Victoria peke yake uko kwenye mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari. Kwa urefu huo shinikizo la hewa ni kama asilimia 87 ya lile la pwani, na siku ya joto hewa huzidi kuwa nyepesi. Nikajiambia kwamba yale maelezo ya kiwandani yaliandikiwa mtu wa ufukweni, si mtu wa Mafubira. Hoja nzuri, na ya kweli: hewa ikipungua, mafuta nayo sharti yapunguzwe. Ila hoja hiyo ilinitaka nifunge sindano, na mimi nilikuwa naifungua. Nadharia yangu ilikwenda kulia, mkono wangu kushoto, na kati yao hakuna aliyemuuliza mwenzake habari.

Mwezi wa pili ulipokwisha, nikafungua skrubu nne, nikaitoa injini pamoja na sailensa yake, nikaviviringisha kwenye fulana kuukuu. Ndege yenyewe, na tangi lake tumboni, nikaiacha ikining'inia barazani. Nikapanda taksi ya Mbale. Unapita Iganga, unashika barabara ya Tirinyi, unavuka bonde la Mpologoma na mpunga wake, na kabla hujachoka sana ukuta wa Wanale unaanza kuinuka mbele yako, maporomoko ya maji yakishuka juu yake kama nyuzi nyeupe zilizosahauliwa na fundi cherehani. Namjua huko mzee mmoja anayetengeneza misumeno ya injini, ile ya kupasulia mikaratusi. Nayo ni ya mipigo miwili. Nikaona kama hawezi yeye, hawezi mtu.

"Mulembe, mzee," nikamsalimu.

"Mulembe, mwalimu. Umeniletea kuku?"

Alifungua fulana, akatazama, akacheka. Hakuuliza maswali mengi. Akanusa tundu la moshi. Akaizungusha propela kwa kidole kimoja, polepole, akisikiliza ule ukaidi mdogo wa pistoni inayobana hewa. Injini iliyo nzima hukataa kidogo, kama mlango wenye upepo nyuma yake. Akaikaza kwenye jiriwa. Tangi hakuwa nalo, nami sikuja na langu, kwa hiyo akachukua chupa ya plastiki ya soda, akaitundika kwenye msumari, akatumbukiza mpira mwembamba, akaniambia nitie mafuta yangu. Injini ikashika mara ya nne. Akaubana ule mpira kwa vidole sekunde moja: sauti ikapanda. Akauachia: ikarudi chini.

"Imeshiba sana hii," akasema. Akaifunga sindano karibu mzunguko mzima. Sauti ikatulia mahali pazuri, moshi mwembamba ukielekea mtaani. Tukasimama tunaitazama. Dakika mbili zikapita, tatu, tano. Sikuthubutu kusema neno. Ilikwenda dakika kumi, mpaka chupa ikakauka, ikazima kwa haki.

Yule mzee akapangusa mikono, akaweka kidole juu ya kichwa cha silinda bila kuogopa moto wake. "Mwalimu," akasema, "shida haiko hapa."

Nami nikainua macho nikaitazama Wanale.

Neno *hapa* halina mipaka mpaka msemaji aonyeshe kidole. Yeye alionyesha. Kidole chake kilikuwa kwenye injini. Mimi nikasikia Mbale. Njia nzima ya kurudi nilijenga nadharia ya miji miwili. Hewa ya mlimani ni kavu, nikajiambia, na ya ziwani imelowa. Methanoli hunyonya unyevu kama nguo ya kaniki. Basi mafuta yangu huharibika Jinja na kupona Mbale. Kwamba mafuta yaliyokwenda dakika kumi Mbale yalikuwa yametoka kwenye chupa ile ile ya kabatini kwangu, hilo sikulitia hesabuni. Kwamba miji hii miwili inakaribiana mno kwa mwinuko, hilo nalo nikalitafutia maelezo. Jumamosi nikairudisha injini kwenye pua ya ndege, sindano ikiwa pale pale alipoiacha mzee. Ikaimba mapema kuliko siku zote, ikazima baada ya dakika moja na nusu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi, kwa sababu nadharia yangu ilikuwa imethibitika.

Nilikuwa nimelinganisha Jinja na Mbale, ziwa na mlima, ukungu na upepo. Sikulinganisha tangi na chupa.

Jirani yangu ni mama aliyekulia kwenye kambi ya jeshi, na Kiswahili chake bado kina sauti ya gwaride. Huuza mafuta ya kupikia kwa kipimo: jerikeni la lita 20, faneli, kikombe. Jioni moja nilikwenda kununua nusu lita. Jerikeni lilikuwa limejaa na ni jipya. Aliliinamisha, mafuta yakatoka vizuri, kisha yakapungua, kisha yakaanza kwenda kwa kwikwi, kila kwikwi ikimrukia mkononi. Akaliinua. Akatoa msumari kwenye mkaa wa jiko, akatoboa tundu dogo kwa juu, karibu na mshikio. Jerikeni likanyonya: *fyuu*. Akaliinamisha tena, na mafuta yakashuka kama uzi.

"Lilikuwa halipumui," akasema, wala hakuwa akimfundisha mtu. "Kinachotoa sharti kivute."

Nilisahau chenji yangu.

Ule mlio wa *fyuu* niliufahamu. Nilikuwa nimeusikia kila Jumamosi, kila nilipochomoa mpira wa tangi ili nijaze mafuta baada ya injini kuzima, na sikuwahi kuuandika kwenye daftari kwa sababu haukuwa sauti ya injini. Tangi la ndege ya mfano halina tundu la wazi. Hupumua kwa mpira mdogo unaotoka kwenye chuchu ya shaba kwenye sailensa. Moshi wenye shinikizo hupita humo, ukaingia tangini, ukayasukuma mafuta kuelekea kwenye sindano. Chuchu hiyo ikiziba, injini huendelea kunyonya kwa muda. Tangi haliingizi kitu mahali pa kile linachotoa. Kila tone linaloondoka hulifanya lililobaki kuwa gumu zaidi kuondoka. Mafuta hupungua kidogo kidogo, injini hukonda kidogo kidogo, na kwa kuwa hukonda, huimba. Chupa ya mzee wa Mbale ilikuwa wazi mdomoni. Kwake, injini ilikula kutoka kwenye chombo kinachopumua. Hakuna muujiza mwingine uliotokea Mbale.

Nikaiwasha taa ya simu, nikaifungua sailensa, nikatia chuchu mdomoni nikapuliza. Ilikuwa kama kupuliza ukuta. Nikachokoa kwa waya wa gitaa. Ukatoka udongo mwekundu uliokauka, na ndani ya udongo kipande cha bawa jembamba, kama ganda la kitunguu. Nyigu. Msimu wa mvua, ndege ilipokuwa ikining'inia barazani, nyigu wa udongo alikuwa ameona chumba kizuri cha kulelea watoto, akakifunga mlango kwa udongo wa uani kwangu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Changu kilikuwa kimejenga.

Sikuwa wa kwanza kushindwa na mdudu huyo, na wengine walilipa gharama isiyolipika. Tarehe 6 Februari 1996 ndege ya abiria ya Birgenair, Boeing 757, ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, wakafa watu wote 189. Wachunguzi walihitimisha kwamba mmoja wa mirija ya kupimia mwendo wa hewa ulikuwa umeziba, na walioshukiwa kuuziba ni nyigu. Jambo linalonikosesha raha katika habari hiyo ni namna kosa lilivyojitokeza. Saa ya rubani haikumwambia kwamba mwendo unapungua. Ilimwambia kwamba anakwenda kasi mno. Ndege ilikuwa ikiishiwa na mwendo, na mshale ulikuwa ukipanda.

Nimejiuliza kwa nini nilichelewa miezi miwili kwa jambo ambalo muuza mafuta alilimaliza kwa msumari. Sikukosa elimu. Naweza kueleza shinikizo la hewa ubaoni nikiwa nimefumba macho. Nadhani nilichelewa kwa sababu lawama hufuata sauti. Injini ndiyo iliyonguruma, injini ndiyo iliyonyamaza, basi injini ndiyo niliyoifungua, kuipangusa, kuisafirisha hadi Mbale. Tangi halina sauti. Pumzi haina sauti, ila ule mlio mmoja mfupi ambao huusikia ukiwa unafanya jambo jingine. Na nilichelewa kwa sababu njaa haikujitambulisha kama njaa. Ilikuja ikiimba.

Ukiishi Jinja, somo hili limeandikwa ukutani na bado unaweza kulipita kila siku. Huu ni mji wa mitambo. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na umeme wake ukaviita viwanda: nguo zikafumwa, shaba ya Kilembe ikasafiri kwa reli kutoka Kasese kuja kuyeyushwa hapa, sukari ya Kakira ikapakiwa. Kisha Amin akawafukuza Waasia mwaka 1972, na katika miaka iliyofuata viwanda vikaanza kunyamaza kimoja baada ya kingine. Nikiwa mtoto niliwasikia wakubwa wakisema mashine zimechoka. Ziko zilizochoka. Lakini nyingi zilikuwa na njaa. Pamba haikufika, vipuri havikufika, fedha za kigeni hazikuwepo, na waliojua ni nani wa kuandikiwa barua ya kuagiza walikuwa wamekwenda zao. Hayo hayapigi kelele yakikosekana. Mashine ndiyo iliyonyamaza, basi mashine ndiyo iliyobeba jina la ubovu.

Mwaka 2000 mitambo ya Kiira ikaanza kazi kando ya Nalubaale. Mitambo iliongezeka, ziwa lilikuwa lile lile. Maji yakatolewa kuliko ilivyozoeleka, ukame ukaongezeka juu yake, na kufikia 2006 Ziwa Victoria lilikuwa limeshuka chini kuliko ilivyoonekana kwa takriban miaka 80. Tukarudi kwenye mishumaa na jenereta. Mitambo ilikuwa mizima. Yule mzee wa Mbale angeiwekea kidole na kusema lile neno lake. Lakini miaka ile ya mwanzo, maji yalipokuwa yakipita mengi na mitambo ikizunguka mingi kuliko wakati wowote, nani kati yetu angesema kwamba hiyo ilikuwa sauti ya kukonda?

Usiku, hata hivyo, sikumbuki mji. Namkumbuka mwanafunzi mmoja. Alikuwa mtu wa katikati ya darasa, kimya, daftari safi. Muhula mmoja akapanda ghafla mpaka nafasi ya kwanza. Nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamsifu, nikampa mazoezi ya darasa la juu, akayamaliza, nikampa mengine. Muhula uliofuata akaanza kusinzia juu ya dawati. Nikamkemea. Baadaye akaacha kuja, na katika ofisi ya walimu mimi ndiye niliyesema: kichwa kizuri, moyo hana. Nilikuja kujua mambo yakiwa yamekwisha. Muhula ule wa sifa, mama yake alikuwa kitandani. Mtoto alipika, aliogesha wadogo zake, alikesha na mgonjwa, na kwa kuwa usingizi haukuja alisoma. Alikula mara moja kwa siku. Zile alama zilizonifurahisha zilikuwa filimbi, na mimi nilikuwa nimesimama chini ya mwembe nikitabasamu.

Miaka mingi baadaye nilikutana naye stendi ya Jinja, mtu mzima, amebeba mzigo wake. Akaniita mwalimu kwa heshima ile ile. Nilitaka kumwambia jambo, lakini nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa salamu tu, na gari lake lilikuwa linajaa. Sasa hivi, mwanafunzi wangu yeyote anapoanza kung'aa ghafla, swali langu la kwanza si la fizikia. Namuuliza amekula nini, na nyumbani kukoje. Wengi hushangaa. Wengi huwa wamekula vizuri kabisa, hawana tatizo lolote, wameipenda mada tu. Afadhali niwashangaze hao.

Jumamosi iliyofuata niliirudisha sailensa, chuchu yake ikiwa safi. Nikaitafuta ile sauti tamu, nikaipata, nikairudisha sindano nyuma kidogo mpaka uzi wa moshi ukaonekana dhidi ya jani la mwembe. Nikaketi. Watoto walikuwa kwenye ua wao wakingoja filimbi. Dakika mbili zikapita, sauti ile ile. Tatu. Nne. Injini haikupanda wala haikushuka. Ilinguruma kama mtu anayetwanga akiwa na magunia mengi mbele yake. Mtoto mmoja akaniuliza lini itafanya ile sauti yake. Nikamwambia haitafanya tena, Mungu akipenda. Wakatazamana. Dakika ya sita walikuwa wamekwenda kucheza mpira.

Nikabaki peke yangu na kelele isiyo na wimbo, nikiona raha ambayo sikujua ningeweza kumweleza nani. Mafuta yalikwisha dakika ya kumi na mbili. Nikalijaza tangi, nikapitisha waya kwenye chuchu kwa tahadhari, nikaiwasha tena.

Jirani yangu akatokea kwenye michongoma, mkono kiunoni.

"Mwalimu, kumbe sasa haizimi?"

"Haizimi, mama. Ni wewe uliyeiponya, na lile jerikeni lako."

Aliisikiliza kidogo, kichwa upande, kama anayepima mafuta kwa macho.

"Basi lile tundu," akasema, "huwezi kuliziba tena kidogo, nilale?"